Makoti ya Bwana Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia kwenye historia ya ushonaji. Bila kushika sindano!

Tovuti ya Shangazi imefunguliwa rasmi. Mjenzi: mimi. Msaidizi: hakuna. Shule: niliiacha, au yenyewe iliniacha, bado hatujakubaliana. Lakini nani anahitaji shule wakati mtandao umejaa video za watu wanaoongea taratibu na kuonyesha mahali pa kubonyeza? Nimetazama nyingi. Nyingine mpaka mwisho.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mteja anafungua ukurasa kwenye simu yake. Anakuta fomu: jina, kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono. Anajaza, anabonyeza TUMA. Oda inatua kwenye kompyuta ya dukani, printa inatema kikaratasi, Shangazi anakitundika kwenye msumari na kukata kitambaa. Basi! Hakuna tena kupimwa kwa tepu mlangoni huku wapita njia wakikagua kiuno chako.

Na pambo langu sasa! Mteja akishatuma, yanatokea maneno HONGERA, ODA YAKO IMEPOKELEWA, kisha maua ya kila rangi yananyesha kutoka juu ya kioo mpaka chini. Maua hayo yamenila wiki nzima. Fomu nilimaliza asubuhi moja tu, kabla ya chai.

Shangazi alipoyaona alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Akasema, wewe mtoto wa kaka yangu, kichwa chako kina vitu. Hakusema vitu gani. Nimezihesabu kuwa sifa.

Kuna jambo zito lakini. Bendi ya matarumbeta imempa Shangazi kazi ya kushona makoti ya buluu ya wanabendi wote, ya kuvaa kwenye gwaride la mashindano Jumamosi ya wiki ijayo. Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya duka la ng'ambo ya barabara, lile lenye midoli isiyo na vichwa dirishani. Shangazi alikuwa anaachiwa pindo na zipu. Akifaulu safari hii, bendi ni yake. Akishindwa, bendi inavuka barabara na yeye anarudi kwenye zipu. Kitambaa chenyewe tumenunua chote kilichokuwapo madukani, buluu ile haipatikani tena.

Na mimi nikiharibu? Mjomba ana banda la kuku linalohitaji mtu wa kulisafisha. Ameshaniwekea koleo.

Sitaharibu. Mimi tena!

Jumanne, 4 Machi

Oda zinamiminika! Printa haipati nafasi ya kupumua. Nimesimama pembeni yake mikono kiunoni kama mwenye kiwanda.

Anayeongoza ni Kabati. Huyu ni mpiga ngoma kubwa wa bendi, na jina amelipata kwa haki: akisimama mlangoni, dukani tunawasha taa. Vikaratasi vyake vimekuja kimoja baada ya kingine. Shangazi aliuliza mtu mmoja anataka makoti yote hayo ya nini. Nikamweleza kwamba mpiga ngoma hutoka jasho sana, lazima abadilishe. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Shangazi akautazama ule msumari, akanitazama mimi, akasema haya, wewe ndiye mwenye mashine. Akachukua mkasi.

Binamu amekuja likizo. Ni binti wa Shangazi, anasomea kompyuta chuoni. Mimi namwita Profesa, yeye ananiita Mkurugenzi, na wala hatusifiani. Hata begi hajalitua, akataka kujua fomu ikishatumwa, kompyuta yangu inajibuje. Nikamwambia inapokea na kujibu palepale, kwa maua. Akauliza, je, mtu akiufungua upya ukurasa huo wa maua? Nikamwambia ataona maua tena, si ndiyo raha yenyewe! Akanitazama kama mtu aliyevaa shati nje ndani. "Haya, Mkurugenzi," akasema, akaenda kuoga.

Wivu. Chuoni hawafundishwi maua.

Jumatano, 5 Machi

Balaa.

Kabati amekuja kujaribu koti. Shangazi, kwa heshima zote, akamwuliza angependa aanze na lipi. Kabati akauliza lipi katika yapi. Shangazi akafunua shuka mezani. Makoti saba! Yamekatwa tayari, yameshikizwa kwa uzi wa muda, yamelaliana kama mahema ya wanajeshi.

Kabati akasema yeye ameagiza moja.

Shangazi akayahesabu tena kwa kidole, yakabaki saba.

Ndipo akaeleza, naye hana hata chembe ya hatia usoni. Yale maua, Mama Fundi! Yalimkosha roho. Yalipokwisha, akauvuta ukurasa chini uanze upya, yakanyesha tena. Akamwonyesha mkewe. Mama mkwe akadai hakuona vizuri kwa kuwa hakuwa na miwani, ikabidi warudie. Watoto nao wakataka. Na simu yenyewe ina adabu, kila mara inamwuliza kama angependa kutuma tena maelezo yake. "Sasa imeniuliza vizuri vile, mimi nikatae?"

Shangazi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake, akakaa juu ya stuli. Afadhali angefoka. Kisha akasema, wala si kwa yeyote, kwamba kitambaa kilichobaki hakiwatoshi wanabendi waliobaki. Alikuwa anauambia mkasi.

Nikatangaza kwamba tatizo ni Kabati, si tovuti. Kabati akakubali, ana moyo mzuri yule. Profesa hakukubali. Akanivuta jikoni kunisomesha. Eti ukurasa wangu wa majibu bado umeshikilia kile alichotuma mtu, kwa hiyo akiufungua upya, kompyuta inapokea upya kama oda mpya. Eti dawa yake ni kwamba ukishapokea na kuhifadhi, usijibu hapohapo, bali umpeleke mtu kwenye ukurasa mwingine wa hongera tupu. Huko afungue upya mpaka achoke. "Ni kama mgeni mwenye mzigo," akasema. "Ukishaupokea mzigo, muingize sebuleni. Wewe unamwacha mlangoni mzigo ukiwa kichwani, kila ukifungua mlango anakukabidhi tena!"

Nikamwambia tovuti yangu haina sebule.

Nina mpango mzuri zaidi. Na hauna kusomeshwa jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: onyo. Juu ya maua nimeweka maandishi mekundu, makubwa, yanayowakawaka: TAFADHALI USIFUNGUE UPYA UKURASA HUU! Nikakaa kusubiri utulivu.

Printa ikapiga kelele siku nzima.

Ikabidi nifanye uchunguzi. Katika bendi kuna ndugu wawili pacha, wapiga tarumbeta, wanafanana hata namna ya kukohoa. Nikawauliza kwa nini wamefungua upya. Wa kwanza akasema wala hakuwa na wazo hilo, ni mimi niliyemtia. Wa pili akasema alitaka kuona ni kitu gani ninachokificha. Mpiga filimbi yeye alidhani ni mchezo, akataka kujua amepata pointi ngapi.

Watu wa bendi hawa! Ukiwaambia wasipulize, wanapuliza.

Shangazi hakati tena kitambaa. Amevikusanya vikaratasi vyote akavitia kwenye kapu la vipande, akaniita. Akasema nivifute vyote, watu waanze upya, na safari hii kila mtu awe mtu mmoja. Akasema hii ni mara ya mwisho, baba. Akiniita baba huwa ananipenda au amechoka. Leo sikujua ni lipi.

Ijumaa, 7 Machi

Niiteni daktari!

Nimeipa kompyuta akili. Ikipokea vipimo ambavyo imeshavipokea, inavitupa kimyakimya. Mtu anaona maua yake, anafurahi, lakini oda haiongezeki. Nani alihitaji sebule?

Nikamwita Kabati aje ajaribu. Akakaa juu ya mfuko wa mabaki ya kitambaa, stuli haimwezi, akafungua upya na kufungua upya mpaka akatosheka. Oda: moja. Nikacheza dukani kote. Kabati naye akacheza, ubao wa kupigia pasi ukaanguka kutoka ukutani na kopo la vifungo likamwagika.

Profesa akatazama, akauliza, je, watu wawili wenye vipimo sawa? Nikamwambia Mwenyezi Mungu ana ubunifu mwingi, harudii kazi yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Nimemnyamazisha! Tarehe hii niikumbuke.

Jumamosi, 8 Machi

Mkuu wa bendi amekuja mwenyewe. Ni mwalimu mstaafu, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Baadhi ya wazee wa bendi hawana simu za mtandao, kwa hiyo amekuja na vipimo vyao ili awajazie kwenye kompyuta yetu. Nikamfungulia fomu ya kundi zima. Ndefu! Niliitengeneza mahususi.

Akaandika kwa kidole kimoja. Herufi anaitafuta, anaipata, anaipongeza, anaibonyeza. Shangazi akamletea chai, ikapoa, akamletea nyingine. Mwishowe akabonyeza TUMA.

KUNA KOSA, ukurasa ukasema. Na fomu ikarudi nyeupe pee, kama sahani iliyooshwa.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaanza tena mwanzo. Uvumilivu wa ajabu! Akaandika yote, akabonyeza.

KUNA KOSA. Nyeupe.

Akaniuliza kosa ni lipi. Nikamwambia tovuti haijasema. Akaniuliza mimi nadhani ni lipi. Nikamwambia pengine aliandika "sm" baada ya namba, kompyuta yangu haipendi. Akaniuliza maandishi mengine yaliyokuwa sahihi yamekwenda wapi. Nikamshauri kwa upole kwamba siku nyingine aandike kwanza kwenye karatasi.

Shangazi alinifinya sikio bila hata kugeuka. Anajua lilipo.

Mkuu wa bendi akasimama. Akasema amefundisha watoto tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hajawahi kufuta ubao mzima kwa sababu ya neno moja. Akasema anamheshimu sana Fundi, na kushona kwake anakujua. Lakini Jumanne atapita, na asipoona makoti ya watu wake, atavuka barabara. Akaitazama ile midoli isiyo na vichwa. Nayo, naapa, ikamtazama.

Profesa akanong'ona kwamba mtu akikosea, mrudishie fomu yake ikiwa na kila alichoandika, na umwonyeshe tu palipo na kosa. Nikamwambia aache kumtetea mteja.

Ila sikio bado linauma. Lazima kuwe na njia ya haraka.

Jumapili, 9 Machi

Ipo! Nimeigundua nikiwa nanawa uso.

Kama watu wanakereka kwa kukataliwa, basi fomu isimkatae mtu! Nimeondoa ukaguzi wote. Andika upendalo, acha wazi upendapo, tuma, maua. Fomu yenye roho nzuri kuliko zote duniani. Nimemtumia Mkuu wa bendi ujumbe kwamba awaambie wazee waombe simu za wajukuu, hakuna tena makosa.

Nimelala mchana mzima kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Jumatatu, 10 Machi

Vikaratasi vya leo, navinakili kama vilivyo.

Kifua: cha kawaida. Kiuno: kilikuwa kizuri. Bega: la kulia au la kushoto? Urefu wa mkono: unafika. Mzee mmoja kwenye sehemu ya vipimo ameandika salamu ndefu kwa familia ya Fundi na kuuliza hali ya mguu wake. Mwingine amejaza jina tu, akaacha kwingine kote, akapata maua yake na akaridhika.

Kabla hatujamaliza kusoma, wakaingia pacha kujaribu makoti. Wa kwanza, koti lipo, limemkaa. Wa pili, hakuna. Akaapa kwamba alituma, akaona maua kwa macho yake. Na kweli alituma. Vipimo vyao ni vilevile mpaka kwenye kifundo cha mkono, na kompyuta yangu yenye akili ikamtupa.

Profesa alihesabu tu kwa vidole, mmoja, wawili, akitazama dari.

Yule pacha hakufoka. Akanyoosha mkono akalipapasa begani koti la mwenzake, akasema si neno, atabeba masanduku ya vyombo nyuma ya bendi, huko haonekani. Mwenzake akalivua koti palepale, akasema basi wote wawili watabeba masanduku.

Shangazi akaizima printa. Akautoa waya ukutani, akauzungusha vizuri, akaufunga kwa utepe. Akaitundika tepu shingoni. Akaniambia nikapumzike, baba. Bila ukali. Kisha nikamsikia akimwuliza Mjomba kwenye simu kuku wanaendeleaje.

Nimekunja nguo zangu. Macho yalitoa maji kidogo. Ni vumbi la kitambaa, limejaa sana humu.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya Mkuu wa bendi. Nilimwona tangu mbali, ile suruali inapasua hewa. Shangazi alikuwa stoo. Nikaona hatari, nikaona pia makoti ya Kabati yametundikwa kwenye nguzo ya chuma. Nikaingia ndani ya moja na kufunga vifungo.

Humo ndani nikamkuta Profesa!

Eti naye hakuwa tayari kumwangalia Mkuu wa bendi usoni, maana mama yake angemwambia amweleze yeye, kwa kuwa ndiye msomi. Tukabanana humo tukigombana kwa minong'ono. Yeye akasema nimemwaibisha mama yake. Nikasema yeye alijua na hakunizuia. Akasema alinizuia kila siku tangu atue begi. Nikakumbuka kwamba ni kweli, nikamwambia anyamaze tutasikika.

Kwa nje nikamsikia Mkuu wa bendi akiuliza makoti yako wapi. Nikamsikia Shangazi akisema, hayupo wa kulaumiwa isipokuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa duka ni lake. Hakunitaja! Angeweza kunitaja. Mimi ningejitaja? Sijui. Nilipiga chafya kabla sijaamua.

Vifungo vikafunguliwa. Shangazi akatuona, vichwa viwili vimechomoza kwenye kola moja. Nikafumba macho nikisubiri kofi.

Kilichonigusa ni tepu. Akatupima! Kifua changu, kifua cha Profesa, bega kwa bega, hatujatoka bado. Akachukua chaki akapiga mstari katikati ya mgongo kutoka kola mpaka pindo. Akarudi nyuma hatua, akaanza kucheka, kile kicheko cha pini.

"Kabati mmoja," akasema, "ni watu wawili!"

Makoti yale ya ziada si hasara. Ni bendi nzima imejificha ndani ya mtu mmoja. Akimkata Kabati katikati, kitambaa kinatosha wote, pacha na wazee wa salamu nao wamo. Mkuu wa bendi akazunguka nguzo, akatutazama mbele na nyuma, akauliza vipimo vya watu wake vitapokewa lini. Profesa, kichwa chake bado kipo kwenye kola, akasema kesho. Akasema fomu itakuwa tayari kabla chai ya asubuhi haijachemka.

Nikasema ni wazo langu kujificha pale. Hakuna aliyenishukuru.

Jumatano, 12 Machi

Profesa ameigusa tovuti yangu. Nilikaa pembeni kulinda maslahi yangu. Akaweka ile sebule yake: oda ikishapokewa, mtu anahamishiwa ukurasa wa hongera. Kila oda ina namba yake, kwa hiyo pacha ni wawili. Na fomu ikiona kosa inarudi na kila kitu ulichoandika, palipokosewa tu pamezungushiwa wekundu na kuelezwa kwa lugha ya kistaarabu.

Maua hakuyaondoa. Nilidhani atayaondoa. Akasema ndicho kitu pekee kinachofanya kazi humu. Nikajifanya sikusikia, ili nisije nikamwambia kitu kizuri.

Mkuu wa bendi akaandika kwa kidole chake. Akakosea mahali pamoja, akashika kichwa. Fomu ikarudi na maandishi yake yote! Akarekebisha lile moja, akatuma, maua. Akaipigapiga kompyuta kisogoni kama mwanafunzi aliyepata. Kisha, nilimwona, akatazama huku na huku, akaufungua upya ukurasa. Maua tena. Printa kimya. Akafanya tena.

Shangazi amempigia Mjomba, amemwambia kuku wasubiri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepandishwa cheo. Nakata! Shangazi yuko kwenye cherehani moja, Profesa kwenye ya pili, mimi nafuata mstari wa chaki katikati ya kila koti la Kabati na mkasi mkubwa. Kazi ya mtu mwenye mkono thabiti. Nilipomaliza la mwisho nilipiga mluzi. Profesa akasema kwa mara ya kwanza nimemaliza kitu bila kukirudia.

Ijumaa, 14 Machi

Kabati amekuja kuchukua koti lake.

Hakuna aliyeniambia nibakize moja. Naandika hili kwa msisitizo. Hakuna.

Shangazi alitafuta kwenye nguzo, mezani, chini ya meza. Akanitazama. Mimi nikatazama mkasi. Kabati alisimama katikati ya duka na vijiti vya ngoma mkononi, mkubwa hivyo, akauliza kwa sauti ya mtoto: lake halipo? Akasema amekwisha kuwaambia nyumbani waje wamwone. Mama mkwe amenunua miwani.

Nikamwambia nitampa langu. Nilisahau kwamba sina.

Shangazi akafikiri, pini mdomoni. Nusu mbili za mwisho zilikuwa za ziada, bado hazijashonwa. Akazirudisha pamoja, koti likarudi kuwa la Kabati, ila lina kovu la mshono mgongoni kote kama reli. Akachukua utepe wa manjano, akaushona juu ya kovu. Kabati akajitazama kwenye kioo, akajaribu kuuficha utepe kwa mkono. Ni yeye peke yake mwenye utepe, ndiye atakayechekwa.

Basi Shangazi akasema wote. Kila koti liwekewe utepe mgongoni. Tukashona utepe mpaka vidole vikaota sugu, mimi nikishikilia ncha. Nimejichoma mara nyingi, nazo zote kwa ajili ya bendi.

Jumamosi, 15 Machi

Gwaride! Watu barabarani pomoni. Bendi ya ng'ambo ya mto ilipita na mashati meupe. Makofi ya adabu. Kisha wakaja wetu, mbele buluu tupu, pacha wote wawili na tarumbeta mdomoni. Walipotupita tukaona migongo, na ile mistari ya manjano imenyooka kama imechorwa kwa rula. Umati ukapiga ukelele! Kabati katikati, ngoma mbele na mstari nyuma, anatembea kama jengo linalohama.

Kombe wamechukua wengine. Lakini Mkuu wa bendi alikuja moja kwa moja, akampa Shangazi mkono mbele ya watu, akamwambia makoti ya mwakani, na suruali zake, na kofia. Mwenye duka la midoli alikuwa jirani yetu akijifanya kufunga kiatu. Nikamwambia utepe ni ubunifu wangu. Kimsingi ni kweli, bila mimi pasingekuwa na kovu.

Shangazi hakushangilia. Alinishika kichwa akanipangusa uzi uliokuwa umenasa kwenye nywele, akasema Jumatatu niwahi kufungua duka. Kumbe bado lina mtu wa kulifungua!

Jumanne, 18 Machi

Profesa amerudi chuoni. Alipoondoka aliniachia karatasi ya maelezo. Sijaisoma, naikalia, kiti kilikuwa kinayumba.

Sifa zimesambaa. Jana mwoka mikate wa kona alikuja kuomba tovuti ya oda za keki. Nimemjengea kwa siku moja! Nimeiboresha pia. Sebule nimeiondoa, inawazungusha watu. Maelezo ya mteja sasa yanapita juu kabisa, kwenye anwani ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo lile swali la kutaka kutuma tena halimsumbui mtu. Na kikubwa ambacho Profesa hajawahi hata kukiota: ukurasa unajifungua upya wenyewe, kila baada ya muda mfupi, ili mteja asichoke kidole.

Tumeufungua asubuhi hii. Mwoka mikate ananipigia simu kila mara, sauti inamtetemeka kwa furaha. Oda haziishi! Tena zote ni za mtoto mmoja, jina moja, keki ya waridi, mshumaa mmoja. Ameita shemeji zake waje wasaidie, na bado zinaingia. Akaniuliza ni mtoto wa nani huyo mwenye jamaa wengi namna hii.

Nikamwambia kuna watoto wana bahati ya kupendwa. Asiulize maswali, akande tu.